Watoto kumi na wawili, keki na bibi: sherehe ya kuzaliwa ndani ya Camden Yards

SWALI: Mwanangu anatimiza miaka saba mwezi wa Juni, na mwaka huu siku yenyewe imeangukia Jumapili. Tulihamia Maryland kutoka Mombasa miaka mitatu iliyopita. Wenzake wote shuleni ni mashabiki wa Baltimore Orioles, na sasa hataki kusikia habari ya sherehe ya nyumbani: anataka uwanjani. Nimehesabu watoto kumi na wawili, na mama yangu atakuwa amekuja kututembelea. Mimi mwenyewe sijawahi kutazama besiboli hadi mwisho. Je, keki inaingia? Jina lake linaweza kutokea kwenye ule ubao mkubwa? Na nifanyeje ili nisifilisike?

JIBU: Dada, hongera kwa kijana, na karibu mama. Keki na ubao tutavifikia. Nianze na jambo ambalo hukuniuliza, kwa sababu ndilo litakaloamua kama mtarudi nyumbani mkicheka au mkilaumiana ndani ya gari.

Kwa miaka niliyofanya kazi ya kupangia familia na vikundi siku za uwanjani, sijaona mtoto wa miaka saba akilia kwa kuwa timu yake imeshindwa. Sherehe nilizoona zikiharibika, karibu zote ziliharibikia mahali pamoja: watoto wengi mno ndani ya uwanja mkubwa mno. Camden Yards, uwanja wa Orioles, huingiza karibu watu 45,000. Watoto kumi na wawili wa umri ule, kila mmoja akitaka choo kwa saa yake, ni kazi ya kuchunga mbuzi sokoni. Kwa hiyo chagua: punguza watoto au punguza uwanja.

Kupunguza uwanja maana yake nini? Orioles wana timu za chini wanakokuzia wachezaji. Moja ni Chesapeake Baysox, ambayo hadi 2024 ikiitwa Bowie Baysox, na inachezea mji wa Bowie, Kaunti ya Prince George's, mahali ambapo sina haja ya kukueleza Waafrika wamejaa kiasi gani. Uwanja wake unachukua watu kama 10,000, tiketi ni nafuu, unaegesha gari karibu, na ukisimama ulipo unawaona watoto wote. Hawa nao ni wachezaji wa kulipwa. Gunnar Henderson na Adley Rutschman, ambao nina hakika kijana wako anayataja majina yao akiwa usingizini, wote walipita Bowie kabla ya kupanda Baltimore.

Lakini kijana amesema Orioles, na mtoto wa miaka saba akishataja jina hadanganyiki. Basi ushauri wangu ni huu: mpeleke Camden Yards na marafiki watatu au wanne wa damu, pamoja na bibi. Wale wengine wafanyie keki nyumbani Jumamosi, au wapeleke Bowie wiki nyingine. Kama roho yako bado inang'ang'ania wote kumi na wawili, endelea kusoma, kwa sababu kuna njia, ila ina masharti yake.

Njia yenyewe ni mpango wa Orioles wa tiketi za bure za watoto, ulioanza 2018. Mtu mzima akinunua tiketi ya kawaida ya jukwaa la juu, anaweza kuchukua watoto wawili wa miaka 9 au chini bila malipo. Hapo watoto kumi na wawili wanakwenda na watu wazima sita. Usiwaone hao sita kuwa gharama. Ndiyo hesabu niliyokuwa nikiwapa wazazi hata kabla ya kuwapo mpango huo: mkono mmoja mtoto mmoja, mkono wa pili mtoto wa pili, na hakuna mkono wa tatu. Wape wazazi wa wale watoto kazi. Wengi wataona raha kualikwa nao. Masharti ya tiketi hizi hupangwa kila msimu, kwa hiyo yasome kwenye ukurasa wa timu kabla ya kutuma mialiko. Na usiwe mtu wa kubeba tiketi kumi na nane kwenye simu moja. Tiketi siku hizi ni za simu. Mtumie kila mzazi zake usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nimewahi kuona ukoo mzima umesimama nje ya lango kwa sababu simu ya baba imezimika chaji.

Sasa siku. Una bahati kwamba ni Jumapili. Mechi za Jumapili za nyumbani huwa za mchana, kwa kawaida saa saba na dakika 35, na hilo lina faida mbili. Mvua za radi za Juni hapa kwetu hupenda kuja jioni, kwa hiyo mchana una nafasi nzuri zaidi ya kupona. Ya pili ndiyo kubwa: baada ya mechi za Jumapili watoto huruhusiwa kushuka uwanjani na kukimbia kuzunguka besi, vile vituo vinne ambavyo wachezaji huvizunguka. Hilo nitalirudia mwishoni.

Kwa kuwa mnatoka Mombasa, nadhani bibi huenda akawa mtu wa swala. Juni, hapa Baltimore, Adhuhuri huingia kama saa saba na dakika kumi, yaani nusu saa hivi kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. Ama aswali baada ya kuingia, mkimwomba mhudumu wa dawati la wageni awaonyeshe kona tulivu, ama mfike mapema mjipange. Alasiri ni baada ya saa kumi na moja, na mechi itakuwa imeisha zamani.

Viti vya bibi visikufanye uchague kwa bei peke yake. Jua la mchana liko upande wa magharibi, na upande wa besi ya tatu ndio unaopata kivuli mapema, kwa kuwa watu wa upande huo jua liko mgongoni mwao. Upande wa besi ya kwanza, ambako benchi la Orioles lipo, macho yanakabili jua. Watu hununua viti vya huko ili wawe karibu na wachezaji wao, kisha wanashinda wameweka viganja usoni. Katika jukwaa la juu, omba safu za nyuma zilizo chini ya paa. Ngazi za huko ni kali, kwa hiyo mpitishe bibi kwenye lifti na mweke pembeni mwa safu, asilazimike kuruka magoti ya watu kila anapotaka kunyoosha miguu.

Kuna sababu nyingine ya kupenda juu. Mpira uliopigwa vibaya huruka kuelekea kwa watazamaji ukiwa na mwendo unaoweza kupita kilomita 160 kwa saa. Siku hizi kila uwanja wa ligi kuu una nyavu zinazopita mabenchi ya wachezaji, lakini nyavu zina mwisho wake, na mtoto anayehangaika na barafu tamu hatazami mpira. Viti vya chini vilivyo nje ya wavu si mahali pa sherehe ya watoto, hata kama mtu amekupa bure.

Chakula. Hapa Orioles ni wakarimu kuliko watu wengi wanavyodhani: wanaruhusu uingie na chakula chako mwenyewe, na vinywaji visivyo na pombe vikiwa kwenye chupa za plastiki ambazo hazijafunguliwa. Kwa hiyo ndiyo, mahamri yanaingia. Sambusa zinaingia. Viazi karai sikushauri, si kwa sababu ya walinzi bali kwa sababu ya ile achari yake kwenye fulana nyeupe ya Orioles. Gawa kila kitu nyumbani, mfuko mmoja kwa kila mtoto wenye jina lake, ili pale juu pasiwe na kugombania bakuli. Mikoba nayo ina vipimo vyake langoni. Soma vipimo hivyo kwenye ukurasa wa uwanja na ubebe midogo.

Keki nzima usiipeleke. Utahitaji kisu, na kisu hakiingii. Utahitaji kiberiti, nacho hakiingii. Utahitaji meza, na huko kuna magoti tu. Maputo pia yaacheni nyumbani. Pika keki ndogondogo za vikombe, moja kwa kila mtu, sukari ya juu iwe nyembamba maana joto la Juni litaiyeyusha kabla ya raundi ya tatu kati ya tisa za mechi. Imbeni bila mshumaa. Watu wa safu nzima watawasaidia kuimba, nakuhakikishia. Wamarekani wakiwa uwanjani hawana aibu ya kumwimbia mtoto wa mtu wasiyemjua.

Halafu nunueni kitu kimoja tu cha pale pale, ili mtoto asihisi ameletwa pikiniki. Akitaka soseji ndani ya mkate, kumbuka kwamba soseji za uwanjani kwa kawaida si halali, na nyingine zina nguruwe. Kama hilo ni muhimu nyumbani kwenu, mwambieni mapema, isiwe mbele ya kaunta marafiki wakimtazama. Viazi vya kukaanga, bisi na barafu tamu vinatosha. Barafu tamu huuzwa ndani ya kofia ndogo ya plastiki ya mchezaji; kofia ile itakaa bafuni kwenu miaka mitano.

Sasa ubao. Ndiyo, jina linaweza kutokea. Timu nyingi hupokea ujumbe wa kuzaliwa kwa ada, na mara nyingi fedha hizo huingia kwenye mfuko wa hisani wa timu. Uombe mapema, si wiki ile ile, kwa kuwa nafasi za kila mechi zina idadi. Andika jina moja na umri, basi. Ukiandika majina matatu na ukoo, mstari utakatwa katikati, au herufi zitakuwa ndogo kama wadudu. Lisome jina herufi kwa herufi kabla ya kutuma, kwa maana mwandishi wa kule hajui kama Mwinyi ina w.

Uliza pia ujumbe utatokea raundi ya ngapi, na hapo nikupe aibu yangu mwenyewe. Binti yangu alipotimiza sita tulikuwa kwenye uwanja wa jimbo jingine, nami ndiye niliyekuwa najifanya mjuzi. Nililipia ujumbe, nikaambiwa raundi ya nne. Mwisho wa raundi ya tatu mtoto akasema choo, nikamwambia mjomba wake ampeleke haraka. Jina lake likang'aa pale juu kwa sekunde chache, sisi tumesimama tunapiga makofi, na mwenye jina yuko kwenye foleni ya choo. Nilipiga picha ya ubao. Hadi leo akiiona ananiuliza, "Mimi niko wapi?" Kwa hiyo kijana wako aende choo raundi moja kabla, katikati ya mchezo na si wakati wa mapumziko, kwa sababu mapumziko kila mtu anakwenda. Na simu ya kupigia picha isielekezwe ubaoni. Mpigaji akae safu ya mbele yake, ageuke nyuma, apige uso wa mtoto anaposoma jina lake.

Ukiwa dawatini kwa wageni, uliza pia kama wana cheti cha mechi ya kwanza. Timu nyingi hutoa, bure, na bibi naye apewe chake.

Umesema hujawahi kutazama hadi mwisho. Kama ulisoma shule ya msingi Kenya, uliwahi kucheza au kutazama raunda, basi nusu ya elimu unayo. Mmoja anarusha, mmoja anapiga na kukimbia, wengine wanadaka. Akizunguka vituo vyote vinne na kurudi alipoanzia, ni alama. Timu inapiga hadi watu wake watatu watolewe, kisha zamu inageuka. Timu zote mbili zikishapiga, raundi moja imekwisha. Raundi ni tisa. Zamani mechi ilikuwa ikiburuta hadi zaidi ya saa tatu, lakini 2023 ligi kuu iliweka saa ya kumhesabia mrushaji sekunde, na wastani ukashuka hadi kama saa mbili na dakika 40. Kwa mama mwenye watoto hiyo ndiyo sheria bora kuliko zote zilizotungwa katika mchezo huu.

Hata hivyo, saa mbili na dakika 40 ni ndefu kwa makalio ya miaka saba. Usiwalazimishe kukaa. Wakae raundi mbili tatu za mwanzo, kisha washushe Eutaw Street, ile njia ya ndani ya uwanja iliyo kati ya majukwaa na bohari refu la matofali mekundu. Bohari hilo lilikuwa la kampuni ya reli ya B&O na lina urefu wa karibu mita 310. Hapo chini, kwenye sakafu, kuna vibao vidogo vya shaba vyenye umbo la mpira, kila kimoja kikionyesha mahali ambapo mpira uliovuka ukuta wakati wa mechi ulitua. Vimeshapita 100. Wape watoto mchezo wa kuvitafuta na kusoma majina, na utapata nusu saa ya amani. Waulize pia nani amewahi kulipiga bohari lenyewe. Katika mechi, hakuna hata mmoja tangu uwanja ufunguliwe 1992. Mchezaji Ken Griffey Jr. alilifikia 1993, lakini yalikuwa mashindano ya kupiga mipira mbali, na alama yake iko ukutani.

Kwenye lango la upande huo mtaona sanamu ya Babe Ruth, gwiji wa besiboli wa zamani, akiwa kijana. Alizaliwa mwaka 1895 mitaa michache tu kutoka hapo. Sanamu ina kosa ambalo watoto hulipenda sana: Ruth alitumia mkono wa kushoto, lakini glavu aliyopewa na mchongaji ni ya mtu wa mkono wa kulia. Nimelileta hilo makusudi, kwa sababu mjomba mmoja hakosi kununua glavu kama zawadi, na kila mwaka naona glavu za mkono usio wake. Glavu huvaliwa kwenye mkono ambao mtu harushii. Kijana anayerusha kwa kulia anavaa kushoto. Mchunguze wiki hii akirusha soksi kwenye kapu, kisha umwambie mjomba.

Kama mnataka zawadi ya maneno, msimulie habari za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyeingia uwanjani na timu ya Pittsburgh Pirates Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Au vijana wa Uganda, waliofika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, wa kwanza kutoka bara letu, na 2015 wakarudi na kuifunga Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo besiboli ni kama mpira wa miguu kwetu. Mtoto wa Mombasa anayevaa kofia ya Orioles anafaa kuyajua haya kabla mwenzake shuleni hajamwambia kwamba Waafrika hawachezi.

Mwandae bibi kwa mambo mawili. Wimbo wa taifa ukiimbwa, karibu na mwisho uwanja mzima utapiga kelele "O!" kwa nguvu. Si ghasia wala dharau. Ni O ya Orioles, ni desturi ya hapa, na maneno ya wimbo huo yenyewe yaliandikwa kwa ajili ya vita vya Baltimore vya 1814. La pili, katikati ya raundi ya saba watu wote husimama kujinyoosha na kuimba. Asidhani mechi imeisha akaanza kukusanya mikoba. Na yule ndege mkubwa wa manyoya anayezunguka akikumbatia watoto ni mtu aliyevaa vazi la oriole, ndege wa nembo ya timu, na yuko kazini tangu 1979. Wengine humkimbilia, wengine hujificha nyuma ya mama. Usimsukume mtoto kwake kwa ajili ya picha.

Kuhusu fedha, nimeshazigusa njiani: tiketi za watoto, chakula chenu, kitu kimoja cha kununua. Panda treni ya Light Rail, inashusha mlangoni kabisa, na kwa watoto treni ni sehemu ya sherehe. Maegesho ya karibu na uwanja siku ya mechi ni ghali bila sababu. Duka la fulana lipitieni mkiwa mnatoka, si mkiingia, na kila mtoto aje na kofia yake. Mvua ikikatiza mchezo kabla ya raundi tano, kwa kawaida tiketi hukupa haki ya kurudi. Ikikatiza baada ya hapo, mechi inaweza kuhesabiwa imekamilika na tiketi imetumika. Weka zile keki ndogo kwenye kopo lenye mfuniko, ili hata mkiloa zitaliwa sebuleni.

Sasa lile la mwisho. Raundi ya nane ikianza, teremka na watoto, uliza mhudumu foleni ya kukimbia besi inaanzia wapi, na mbaki hapo. Foleni huwa ndefu na ukichelewa utasimama muda mrefu kuliko mechi. Vua kofia zote, funga kamba za viatu mara mbili, na viatu vipya vya sherehe visiletwe kabisa. Raba kuukuu ndizo zinazokimbia. Mtoto mmoja hukosea akaelekea besi ya tatu kwanza, kila Jumapili yupo, kwa hiyo mfundishe kwamba unaanzia kulia. Wewe nenda kamngoje pale mwisho, karibu na kituo cha kurudia. Bibi abaki kitini na mjomba na simu, kwa kuwa kutoka juu ndiko mduara wote unakoonekana kwenye picha moja.